Tule Wapi Leo? Siku Tatu Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Je, umewahi kufika katika mji wa watu, ukaweka mizigo chumbani, ukanawa uso, kisha ukamgeukia mwenzako na kumwuliza, "Haya, sasa tule wapi?" Ukiwa nyumbani swali hilo ni dogo, maana jibu lake liko jikoni kwako. Ukiwa ugenini laweza kuharibu safari nzima. Yetu iliponea chupuchupu, na ndiyo maana tumeona tuwasimulieni wenzetu.

Sisi ni akina mama sita wa Morogoro. Kwa miaka 2 tulikuwa tukiweka akiba kidogo kidogo kila Jumamosi, hadi siku moja mhazini wetu alipofungua daftari na kutuambia kwamba fedha za kwenda Zanzibar zimetimia. Watatu kati yetu hawakuwa wamewahi kuvuka bahari. Waume zetu walikubali, watoto wakagawanywa kwa mashangazi na majirani, nasi tukafunga safari ya siku tatu.

Mhazini alipanga kila kitu kwa uangalifu. Nauli aliijua, chumba alikilipia mapema, na kifungua kinywa kilikuwa ndani ya bei ya chumba. Kwa chakula cha mchana na cha jioni alitenga shilingi 20,000 kwa kila mmoja wetu kwa siku. Jambo moja tu hakuna aliyelifikiria: hicho chakula tutakipata wapi?

JIONI YA KWANZA

Tuliondoka Morogoro asubuhi kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na mchana tukapanda boti. Bahari ilikuwa shwari. Baada ya mwendo wa saa mbili hivi tukaona minara na mapaa ya Mji Mkongwe, na mioyo yetu ikafurahi.

Hoteli yetu ilikuwa Shangani, ndogo na safi, yenye mlango mkubwa wa mbao uliochongwa maua. Lakini jioni hawakuwa na chakula. Tukatoka nje tukiwa na njaa. Karibu na bahari tukaona mgahawa wenye taa nzuri na vitambaa vyeupe mezani. Tuliingia kwa sababu moja tu: ulikuwa karibu. Hakuna aliyeuliza bei.

Tulipoletewa orodha ya vyakula tukatazamana. Sahani moja ya samaki na wali ilikuwa shilingi 38,000. Tungeweza kuinuka na kuaga kwa adabu, lakini mhudumu alikwishaleta maji na kutandika vitambaa mapajani petu. Ni akina mama wangapi wameshindwa kuinuka kitini kwa aibu ya namna hiyo? Tukaagiza sahani tatu ili tugawane watu sita.

Sasa, mmoja wetu ana ugonjwa wa kisukari na hujidunga insulini kabla ya kula. Mhudumu alituambia chakula kitakuwa tayari baada ya dakika kumi, kwa hiyo mwenzetu akaenda msalani, akajidunga, akarudi kukaa. Dakika kumi zikapita. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita na chakula hakijaonekana. Sisi tulikuwa tukinung'unika juu ya bei na kucheka cheka, naye alikuwa kimya. Tulidhani amechoshwa na boti.

Mara tukaona mikono yake inatetemeka. Uso ulilowa jasho ijapokuwa upepo wa bahari ulikuwa ukivuma. Mmoja wetu alipomwuliza kitu, alijibu maneno yasiyo na mpangilio. Bahati nzuri miongoni mwetu alikuwamo mama ambaye mumewe ana ugonjwa huo huo. Alitambua mara moja kwamba sukari imeshuka. Alikimbilia kaunta, akachukua soda ya kawaida yenye sukari, akamnywesha taratibu huku tumemshika mabega. Robo saa baadaye mwenzetu alianza kuzungumza vizuri na kuuliza kwa nini tunalia.

Chakula kilipokuja tulikila, lakini hakuna aliyekifurahia. Tulilipa shilingi 114,000 bila vinywaji, nasi tulikuwa tumepanga kutumia shilingi 120,000 kwa watu wote kwa siku nzima.

Usiku ule, chumbani, tulimwuliza kwa nini hakusema kwamba anajisikia vibaya. Alijibu kwa sauti ndogo, "Niliona aibu, jamani. Mlikuwa mkilalamikia bei, nikasema nisiwe mzigo. Tena nyumbani mimi hula wa mwisho. Nimezoea kungoja."

Hakuna aliyekuwa na la kumjibu, kwa sababu kila mmoja wetu nyumbani hula wa mwisho.

"WEWE MWENYEWE UNAKULA WAPI?"

Asubuhi tulimkuta dada anayefanya usafi akifagia ua. Tulimsalimu, tukamweleza yaliyotupata, kisha mhazini wetu akamwuliza swali ambalo tangu siku hiyo tunaliuliza kila tunapokwenda: "Dada, wewe mwenyewe ukitoka kazini unakula wapi?"

Alicheka, akaegemeza ufagio ukutani. "Mwataka chakula cha kutazama, au chakula cha kula?" akatuuliza. Tukamwambia tunataka cha kula. "Basi msikae ufukweni. Ingieni ndani mitaani, Mkunazini, na huko njia ya Darajani, wanakokula watu wa mji. Mkiona mahali pana wenyeji wengi na watoto wao, hapo kaeni. Na bei ulizeni mkiwa mmesimama, msiulize mkiwa mmekaa!"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ama kweli, maneno ya dada yule yalitufaa kuliko kitabu chochote cha wageni. Tuligundua jambo lingine pia. Ukimwuliza mtu, "Wapi kuna chakula kizuri?" atakutajia mahali anapodhani wageni wanapapenda. Ukimwuliza anakula wapi yeye, atakuambia ukweli.

CHAKULA CHA MCHANA MKUNAZINI

Siku ile ya pili tulianza kwa kutembelea Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini. Wengi wenu mnajua historia yake: lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873, na ujenzi wake ulisimamiwa na Askofu Edward Steere. Uani kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama shimoni. Tulisimama pale kwa muda mrefu. Mwenzetu yule wa jana alisema taratibu, "Hawa walitembea kutoka bara kwa miguu. Sijui walikula nini njiani." Hatukuwa tumelifikiria hivyo. Tuliondoka kimya kimya.

Mwendo mfupi kutoka hapo, Mkunazini hapo hapo, uko mgahawa wa Lukmaan, ambao wenyeji na wageni wanaujua vizuri. Uzuri wake kwa mtu asiyejua vyakula vya mji ni kwamba vyakula vimepangwa kaunta mbele ya macho yako. Huna haja ya kusoma orodha wala kungoja mtu apike. Unatazama, unauliza bei, unaonyesha unachotaka, unapakuliwa.

Kwa mgonjwa wa kisukari hilo si jambo dogo. Mwenzetu aliona sahani yake kwanza, akaiweka mezani, ndipo akajidunga. Aliomba wali kidogo kuliko sisi, samaki, mboga za majani na kachumbari. Sisi wengine tulichukua pilau na pweza wa nazi. Kwa wale ambao hawajawahi kula pweza, msiogope. Akipikwa vizuri huwa laini, na mchuzi wa nazi humfanya mtu alambe vidole.

Tulipokuwa tukila tulizungumzia jinsi vyakula hivi vilivyofika hapa. Sultani Said alihamishia makao yake Zanzibar kutoka Oman mnamo 1840, na visiwa hivi vikajulikana ulimwenguni kwa karafuu. Majahazi ya pepo za kaskazi na kusi yalileta watu wa Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, kila mmoja na chungu chake. Biriani, sambusa, chapati na halua vikakutana na nazi, muhogo, ndizi na samaki wa hapa. Kwa hiyo ukila sahani moja Zanzibar, umekula historia ya bahari nzima.

BAKULI LA UROJO

Alasiri tulitembea katika vichochoro. Tulipita Jaws Corner, ambapo wazee wa kiume hukaa barazani wakinywa kahawa chungu katika vikombe vidogo na kubishana siasa. Tulipotea mara mbili, lakini kupotea Mji Mkongwe si hatari kubwa. Ukitembea kwa dakika chache utatokea baharini au barabara kuu.

Kwenye kona moja tulikuta bibi mmoja amekaa mlangoni kwake na sufuria mbili, beseni la bajia na benchi refu lililojaa wanafunzi. Tukakumbuka maneno ya dada wa hoteli: palipo na watoto, kaeni. "Shikamoo bibi," tukamwamkia. "Marahaba wanangu, karibuni urojo," akatujibu.

Urojo ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano, wenye uchachu wa embe mbichi au ndimu. Ndani yake hutiwa viazi, bajia, kachori, chipsi nyembamba za muhogo, yai na mishikaki, na juu yake chatini ya nazi na pilipili kwa anayetaka. Tuliuliza bei tukiwa bado tumesimama. Bakuli moja lilikuwa shilingi 3,000.

Hapo ndipo tulipoona badiliko. Mwenzetu alimwinamia bibi, akasema bila kificho, "Bibi, mimi nina kisukari. Nipunguzie viazi na kachori, uniongezee yai na mishikaki." Bibi wala hakushtuka. Alimtazama kwa huruma, akasema, "Hata mimi ninao mwanangu, mwaka wa kumi na mbili huu." Akamtengenezea bakuli lake kwa mkono wake mwenyewe, akamsogeza kwenye benchi akae karibu naye, na wakaanza kuzungumza habari za sindano na miguu kufa ganzi kama watu waliojuana siku nyingi. Mficha uchi hazai. Lau angenyamaza kama jana, asingepata bakuli lile wala rafiki yule.

FORODHANI USIKU

Jua lilipokaribia kutua tulishuka bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe. Bustani hii ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Vijana walikuwa wakijirusha baharini kutoka ukutani, na wauzaji wakiwasha taa na kupanga meza zao.

Forodhani utaona kila kitu: mishikaki, pweza, ngisi, kamba, mkate wa kumimina, juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, na ile inayoitwa pizza ya Zanzibar. Hiyo si pizza kama ya Italia. Ni chapati nyembamba inayotiwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, ikakunjwa na kukaangwa kwenye chuma mbele yako.

Lakini akina mama, hapa panahitaji macho. Wauzaji ni wengi na kila mmoja anakuita "dada" na "mama" kwa sauti tamu. Kwenye meza moja tulitajiwa bei iliyokuwa mara mbili ya ile ya meza ya tatu yake, na vyakula vilikuwa ni vile vile. Tulifanya kama tunavyofanya sokoni kwetu. Tulizunguka bustani yote mara moja bila kununua, tukiuliza bei tu. Kisha tukarudi kwa yule aliyekuwa akichoma samaki wabichi papo hapo, mwenye foleni ya familia za wenyeji. Samaki waliokwisha kuchomwa na kupangwa mezani kwa muda mrefu tuliwaacha, maana hujui wamekaa hapo tangu lini. Kila tulichoagiza tuliomba kiletwe cha moto kabisa.

Mwenzetu alikula samaki wa kuchoma na kachumbari, akaonja kipande cha mkate wa kumimina, akaacha juisi ya miwa tuinywe sisi. Siku ile watu sita tulitumia shilingi 97,000 kwa milo yote, tukashiba.

KILA MJI NA ADABU YAKE

Zanzibar ni nchi ya Waislamu kwa sehemu kubwa, nasi wageni hatuna budi kuheshimu wenyeji wetu. Tulivaa magauni marefu na kujitupia kanga mabegani, na kila mlango tuliofika tulipokewa vizuri. Katika migahawa ya wenyeji usitegemee kukuta pombe wala nguruwe. Ijumaa mchana migahawa mingi hufungwa kwa muda wa sala, kwa hiyo kula mapema au ngoja kidogo. Na safari yenu ikiangukia mwezi wa Ramadhani, jueni kwamba migahawa mingi haifunguliwi mchana, na kula barabarani ni kuwakosea wanaofunga. Mwenye mgonjwa apange mapema na hoteli yake ili ale ndani kwa faragha. Jioni baada ya futari mji wote huchangamka, na vyakula huwa vingi kuliko siku nyingine zote.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Haya ndiyo tuliyojifunza, nayo yanafaa mji wowote, uwe Mombasa, Kampala au Mwanza:

1. Kabla ya kulipia chumba, uliza kama hoteli ina chakula cha jioni, na kama hakuna, watu hula wapi karibu na hapo.

2. Waulize wafanyakazi wa usafi, walinzi na wauza matunda. Waulize wanakula wapi wao wenyewe.

3. Uliza bei ukiwa umesimama. Ikikushinda, sema asante na uende zako. Hakuna aibu.

4. Chagua mahali penye wenyeji wengi, hasa familia. Palipo na watu wengi chakula hakilali.

5. Chukua mkobani kitu cha kuzuia njaa: ndizi, karanga, biskuti au mayai ya kuchemsha. Siku ya kusafiri ndiyo siku ambayo milo huchelewa zaidi.

6. Anayetumia insulini asijidunge kwa ahadi ya mhudumu. Chakula kiwe mezani kwanza. Mkobani awe na sukari au glukosi, na wenzake wote wajue ilipo. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, apewe upesi soda yenye sukari nusu kikombe, au vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji, kisha ale chakula. Akizimia asinyweshwe kitu, bali akimbizwe hospitali.

7. Anayehitaji kula aseme. Hili tumeliweka mwisho, lakini ndilo kubwa kuliko yote.

NJIANI KURUDI

Siku ya tatu tulikuwa na pilikapilika za kununua vitu: karafuu, iliki, mikoba ya ukili, halua ya watoto. Saa za boti zilikaribia na mhazini alikuwa akituharakisha. Ghafla mwenzetu alisimama katikati ya kichochoro, akaweka mfuko wake chini, akasema kwa sauti ambayo hata wapita njia waligeuka: "Jamani, mimi nina njaa. Nakula kwanza."

Hakuna aliyenung'unika. Sote tuliweka mifuko chini. Tulinunua chapati na maharage ya nazi kwa mama mmoja wa jirani, tukala tumekaa barazani kwa watu, na boti hatukuikosa.

Tangu turudi tumekutana Jumamosi nyingi, na bado tunaizungumzia safari ile. Mume wa mwenzetu alipoelezwa yaliyotokea jioni ya kwanza alikaa kimya, kisha akasema kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutambua kwamba mkewe hula wa mwisho. Siku hizi, anatuambia, sahani ya kwanza kupakuliwa nyumbani kwao ni ya mama, na watoto wamejifunza kungoja kidogo.

Basi, mpendwa msomaji, utakapofunga safari yako, panga nauli, panga chumba, lakini usisahau kuuliza mtakula wapi. Na ukiona mwenzako amenyamaza mezani, usidhani amechoka tu. Mwulize. Tunawatakia safari njema na chakula chema.